Thamani ya Ngitili: Hesabu ya Msitu Katika Nchi ya Dhahabu

Dhahabu ni mali isiyosahaulika katika hesabu. Katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwezi Machi 2019, kila punje huwekwa juu ya mizani, uzito wake huandikwa kwa gramu, bei yake hulinganishwa na ile ya soko la dunia, na haki ya Serikali hukatwa kabla muuzaji hajaondoka. Lakini katika wilaya zile zile iko mali nyingine ambayo hupita kila siku bila kupimwa: matita ya kuni vichwani mwa akina mama, nyasi za kuezekea, fito na boriti, asali, uyoga, mizizi ya dawa, na majani yanayoliwa na ng'ombe wakati wa kiangazi. Mali hiyo haina mizani wala stakabadhi, na aghalabu haimo katika vitabu vya mapato. Je, kwa kuwa haikuandikwa, ndiyo kusema haina thamani?

Swali hilo lilifanyiwa utafiti katika Mkoa wa Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jibu lake liliwashangaza wengi. Ili jibu hilo lieleweke, ni lazima kwanza ifahamike nchi yenyewe, namna ilivyopoteza misitu yake, na namna wananchi walivyoirudisha.

Nchi na miti yake

Sehemu kubwa ya Shinyanga hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo haiaminiki. Mwaka huu yaweza kuchelewa, na mwaka ujao ikakatika mapema. Upande wa mashariki ni nchi ya mbuga na udongo mweusi, ambako miti iliyozoeleka ni migunga ya aina mbalimbali. Upande wa magharibi, kuelekea Kahama, Bukombe na Geita, nchi huinuka na kuingia katika misitu ya miombo, yenye mininga na miti mingine ya mbao. Chini ya misitu hiyo ya magharibi ndimo ilimo miamba ya kale yenye dhahabu. Kwa hiyo aina mbili za utajiri zimekaa mahali pamoja, mmoja juu ya ardhi na mwingine chini yake.

Msomaji akumbuke kwamba mipaka ya mikoa imebadilika. Mpaka mwaka 2012, Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000, na katika sensa ya mwaka 2002 ulihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 2.8. Mwaka 2012 Bukombe iliingizwa katika Mkoa mpya wa Geita, nazo Bariadi, Maswa na Meatu zikaingizwa katika Mkoa mpya wa Simiyu. Takwimu za utafiti zitakazotajwa hapa ni za mkoa ule wa zamani, Bukombe ikiwemo.

Jinsi msitu ulivyopotea

Misitu ya Shinyanga haikutoweka kwa sababu moja. Sababu ya kwanza ilikuwa vita dhidi ya mbung'o. Inzi huyu huambukiza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, naye hupenda kivuli cha vichaka. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kampeni ya kufyeka vichaka vya Shinyanga kwa nguvu kazi ya wananchi wenyewe. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Charles Swynnerton, aliifanya Shinyanga kuwa makao makuu ya utafiti wa mbung'o katika Tanganyika, mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kwa upande wa afya ya mifugo kazi hiyo ilileta faida, kwani maeneo makubwa yaliyokuwa hayakaliki yalifunguliwa kwa malisho. Kwa upande wa miti ilikuwa hasara kubwa.

Sababu ya pili ilikuwa pamba. Zao hili la biashara lilienea sana Usukumani, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kila shamba jipya lilihitaji ardhi iliyofyekwa. Mkulima aliyepata fedha za pamba aghalabu alinunua ng'ombe, maana ng'ombe ndiye aliyekuwa benki yake. Hivyo mashamba yalipopanuka, mifugo nayo iliongezeka, na malisho yakazidi kupungua. Kuni nazo zilihitajika kila siku, na mijini ukahitajika mkaa.

Sababu ya tatu ilikuja katika miaka ya 1970. Watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, waliacha makazi yao ya zamani pamoja na malisho waliyokuwa wameyatunza kando ya nyumba zao. Malisho hayo yakabaki bila mwenyewe, na jambo lisilo na mwenyewe halina mlinzi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 sehemu nyingi zilikuwa wazi, udongo umechukuliwa na maji, na wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni. Katika nyumba nyingi samadi na mabua ya mtama yalichomwa jikoni badala ya kurudishwa shambani. Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere aliitembelea Shinyanga akajionea hali hiyo, na mkoa ukaja kutajwa kuwa jangwa la Tanzania.

Ngitili ni nini?

Ngitili ni neno la Kisukuma. Maana yake ni eneo la malisho ambalo limefungwa kwa muda ili majani na miti ipate kukua. Kwa desturi ngitili hufungwa mvua zinapoanza, na mifugo hairuhusiwi kuingia humo katika kipindi chote cha masika. Kiangazi kinapokuwa kikali, yaani kuanzia mwezi wa saba au wa nane, ngitili hufunguliwa kwa sehemu. Sehemu ya kwanza ikiisha majani, ndipo hufunguliwa ya pili. Hapo kwanza hulishwa wale wanyama wasioweza kutembea mbali: ndama, ng'ombe wagonjwa na wazee, na maksai watakaovuta plau mvua zitakaporudi.

Ngitili ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya familia, ambayo aghalabu haizidi hekta chache na huwa karibu na nyumba. Ya pili ni ya jumuiya, inayomilikiwa na kijiji au kitongoji, na yaweza kufika makumi au mamia ya hekta. Zote mbili hulindwa kwa kanuni za wenyeji. Katika mkutano uitwao dagashida wazee na wananchi hukubaliana nani ataingia, lini, na kwa adhabu gani akivunja mapatano. Walinzi wa jadi, sungusungu, ndio wanaohakikisha kwamba mapatano yanafuatwa.

Mradi wa HASHI

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa ufupi kuwa HASHI. Mradi huo ulisaidiwa na Norway, na baadaye, katika miaka ya 1990, ulishirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana rasmi zilikuwa na jumla ya hekta zipatazo 600 tu.

Mwanzoni wataalamu walitilia mkazo vitalu na upandaji wa miche. Lakini katika nchi yenye ukame na mifugo mingi, mche unahitaji maji, uzio na mtu wa kuuangalia kwa miaka. Wataalamu walipokaa na wanakijiji na kuuliza walichokuwa wakifanya zamani, ilidhihirika kwamba njia rahisi zaidi ilikuwa imekwisha kuwepo. Hapo ndipo ngitili ilipowekwa katikati ya mradi, na maofisa wakageuka kuwa washauri wa jambo ambalo wananchi walilijua.

Matokeo yake yalionekana katika hesabu. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji 172 vya mfano ulikuta ngitili 18,607, zenye jumla ya hekta zipatazo 78,122. Kati ya hizo, ngitili 284 zilikuwa za jumuiya, na zote zilizobaki zilikuwa za familia. Kwa kukadiria mkoa mzima, wenye vijiji 833, ilionekana kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Mradi wenyewe ulimalizika mwaka 2004.

Kwa nini miti ilirudi bila kupandwa?

Mwanafunzi wa elimu ya viumbe atataka kujua mamia ya maelfu ya hekta yaliwezaje kuota miti bila miche. Jibu limo chini ya ardhi. Mti wa nchi kavu ukikatwa haufi mara moja. Mizizi yake huendelea kuishi na kuhifadhi chakula kwa miaka mingi. Kila mwaka kisiki hutoa machipukizi, na kila mwaka ng'ombe na mbuzi huyala au moto huyachoma. Mahali palipoonekana kuwa pamekufa palikuwa pamejaa miti ambayo haikuruhusiwa kuinuka. Mifugo ilipozuiwa kwa misimu kadhaa, machipukizi yalivuka kimo cha mdomo wa mbuzi, kisha kimo cha moto wa nyasi, na ndipo yakawa miti. Kwa kuwa mizizi yake ilikuwa imekwisha kushuka chini sana, miti hiyo ilikua upesi kuliko mche mpya.

Kuna sababu nyingine mbili. Migunga ni jamaa ya mikunde. Katika mizizi yake mna vinundu vyenye bakteria ambao hunasa naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kwa hiyo migunga huweza kuota katika udongo uliochoka na pole pole kuurutubisha. Zaidi ya hayo, ng'ombe na mbuzi hula maganda ya migunga, na mbegu ngumu nyingi hupita tumboni bila kudhurika, zikaangushwa pamoja na samadi. Mfugo ule ule ulioharibu msitu huweza pia kuupanda, mradi uingie kwa wakati wake. Katika miombo, miti mingi hushirikiana na kuvu waishio mizizini: kuvu humpa mti maji na madini, na mti humpa kuvu sukari. Mvua zinapoanza, kuvu hao hutoa uyoga, ambao wenyeji huuchuma kwa mboga na kuuza. Mti ukiondoka, uyoga huo nao huondoka.

Namna ya kuhesabu kisichouzwa

Baada ya miti kurudi, lilibaki swali la faida. Wizara ya Maliasili na Utalii ikishirikiana na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, iliwatuma wataalamu wakiongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kuchunguza thamani ya ngitili kwa wananchi. Ripoti yao ilitolewa mwaka 2005.

Ugumu wa kazi kama hii ni kwamba vitu vingi vya msituni havifiki sokoni. Mama anayeokota kuni na kuzipika siku ile ile hakuuza wala hakununua kitu. Mchumi ana njia tatu za kumsaidia. Njia ya kwanza ni bei ya soko la karibu: kama tita moja linauzwa gulioni kwa bei fulani, basi tita lililotumika nyumbani linapewa bei hiyo hiyo. Njia ya pili ni bei ya kitu mbadala: kama nyasi za kuezekea zingekosekana, familia ingelazimika kununua nini, na kwa kiasi gani? Njia ya tatu ni muda: saa zilizookolewa zinaweza kutumika shambani, dukani au shuleni, na kwa hiyo zina thamani. Kisha, kama katika hesabu yoyote ya biashara, gharama hutolewa.

Wataalamu walikuta mazao 16 ya asili yanayovunwa kwa kawaida katika ngitili. Yenye thamani kubwa zaidi kwa familia yalikuwa kuni, mbao na miti ya dawa. Mengine yalikuwa malisho, nyasi za kuezekea, matunda ya porini, mboga, asali na kitoweo cha wanyama wa mwituni. Yote yalipojumlishwa, thamani ya ngitili ilikadiriwa kuwa dola za Marekani 14 kwa kila mtu kwa mwezi, yaani dola 168 kwa mwaka. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini Tanzania ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, mali isiyoandikwa popote ilikuwa na thamani iliyozidi matumizi yote ya kawaida ya mwanakijiji.

Muda nao ulihesabiwa. Katika familia zilizohojiwa, kazi ya kutafuta kuni ilipungua kwa saa 2 hadi 6 kwa siku, kutafuta maji kwa saa 1 hadi 2, na kutafuta malisho kwa saa 3 hadi 6. Faida hii haikugawanyika sawa kwa wote, maana kuni na maji ni kazi ya wanawake na watoto wa kike, na malisho ni kazi ya wavulana. Saa zilizorudi nyumbani zilirudi hasa kwao. Kati ya familia 240 zilizoulizwa, asilimia 64 zilisema kwamba hali yao ilikuwa bora kwa sababu ya ngitili.

Upande wa gharama haukufichwa. Miti iliporudi, wanyama na ndege walirudi pia, nao hawakubagua kati ya msitu na shamba. Uharibifu wa mazao na mifugo uliosababishwa na wanyama ulikadiriwa kuwa wa wastani wa dola 63 kwa familia kwa mwaka. Ni hasara ya kweli kwa mkulima mdogo. Hata hivyo, ikilinganishwa na dola 168 kwa kila mtu mmoja wa familia hiyo, faida ilibaki kubwa.

Wastani huficha mengi

Mwalimu wa hisabati atakumbusha kwamba wastani ni namba moja inayosimama badala ya nyingi. Mwenye ardhi kubwa ana ngitili kubwa, na mwenye ng'ombe wengi hufaidika zaidi na malisho. Familia isiyo na ardhi ya kutosha haiwezi kufunga hata nusu hekta, kwa kuwa kila kipande kinahitajika kwa mahindi au mtama. Familia kama hiyo hutegemea ngitili ya jumuiya, na kama kijiji hakina, hulazimika kununua malisho au kuni kutoka kwa jirani aliye nacho.

Ndiyo sababu haki ya kumiliki ni sehemu ya thamani yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeviwezesha vijiji kusimamia ardhi yao na kutoa hakimiliki za kimila. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Pale ambapo ngitili ya jumuiya imeandikwa na mapatano yake yamekubaliwa na mkutano mkuu wa kijiji, mnyonge anajua anachoruhusiwa kuchukua, na kijiji chaweza kuuza sehemu ya mazao kwa ajili ya darasa au zahanati. Pale ambapo haikuandikwa, mwenye nguvu ndiye anayekuwa na kanuni.

Mteja kutoka machimboni

Katika ukanda wa dhahabu kuni na miti zina mteja ambaye hayuko Shinyanga ya mashariki. Uchimbaji wa Geita una historia ndefu: mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu, katika Kahama ya zamani, ulifuata mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hii mikubwa wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, katika sehemu kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu.

Mchimbaji mdogo anahitaji msitu katika kila hatua. Shimo lake, liitwalo duara, huteremka makumi ya mita katika udongo na mwamba unaoweza kuporomoka. Kuta zake hushikiliwa na magogo yaitwayo matimba, ambayo hupangwa kwa mraba kutoka juu hadi chini. Matimba huoza kwa unyevu na hubadilishwa. Asipoyabadilisha, maisha ya walio chini yamo hatarini. Baada ya mawe kusagwa, dhahabu hunaswa kwa zebaki, na mchanganyiko huo huchomwa ili zebaki iondoke kwa mvuke, ambao ni sumu kwa anayeuvuta. Moto wa kazi hiyo aghalabu ni wa mkaa. Mkaa na kuni hutumika pia kwa mama ntilie wanaowapikia wachimbaji, na nguzo hujenga vibanda vyao. Machimbo mapya yakitangazwa, mji wa muda huota kwa majuma machache, na wote waliomo wanahitaji miti siku hiyo hiyo.

Mkaa wenyewe ni mlaji mkubwa. Katika tanuri la kienyeji, ambamo magogo hufunikwa udongo na kuchomwa kwa hewa kidogo, kilo 100 za kuni kavu hutoa takriban kilo 10 hadi 20 za mkaa. Sehemu kubwa ya uzito hupotea kama moshi, mvuke na joto. Anayenunua gunia moja la mkaa amenunua, bila kuliona, rundo la kuni lenye uzito wa mara tano hadi kumi.

Si haki kusema kwamba mchimbaji ni adui wa msitu. Matimba yanaokoa maisha, na biashara ya nguzo huwapa fedha wanavijiji walio karibu. Tatizo liko katika bei. Mnunuzi wa gogo hulipa gharama ya kulikata na kulisafirisha, pamoja na faida ya muuzaji. Halipii nyasi ambazo hazitaota chini ya mti huo, wala asali, wala uyoga, wala saa ambazo binti wa kijijini atatembea zaidi mwaka ujao. Bei ya gogo ni bei ya kipande kimoja cha msitu, na wapotezao vipande vingine hawapo wakati wa kupatana.

Hesabu ya darasani

Jambo hili laweza kufanyiwa zoezi na wanafunzi wa sekondari. Namba zifuatazo ni za mfano tu, na kila shule inaweza kuziweka za kwake baada ya kuuliza bei za gulio la karibu.

Familia moja ina ngitili ya hekta 4. Miti iliyosimama humo ina uzito wa tani 80, na kila mwaka huongezeka kwa tani 6. Hizo tani 80 ni kama fedha zilizowekwa benki, na tani 6 ni riba yake. Familia ikivuna tani 6 kwa mwaka, akiba inabaki vile vile. Ikivuna tani 10, kila mwaka akiba itapungua kwa tani 4, na baada ya miaka 20 hakutakuwa na kitu. Kwa kweli itaisha mapema zaidi, kwa kuwa akiba ikipungua riba nayo hupungua.

Sasa anakuja mfanyabiashara wa matimba, naye yuko tayari kununua miti yote kwa shilingi 30,000 kwa tani. Familia itapata 80 × 30,000, yaani shilingi 2,400,000 mara moja. Ikikataa na kuuza tani 6 tu kila mwaka kwa bei hiyo hiyo, itapata shilingi 180,000 kwa mwaka. Kwa kugawanya, mwanafunzi ataona kwamba itachukua miaka 13 na zaidi kidogo kuzifikia zile 2,400,000. Lakini mwisho wa miaka hiyo tani 80 bado zimesimama. Kisha aongeze malisho ya kiangazi, nyasi, asali na muda uliookolewa. Kama vitu hivyo vina thamani ya shilingi 220,000 kwa mwaka, jumla ni 400,000, na miaka 13 inakuwa 6 tu.

Zoezi lisiishie hapo. Mwalimu aulize: je, familia yenye mgonjwa anayehitaji matibabu leo inaweza kungoja miaka 6? Hapa ndipo hesabu sahihi inaposhindwa na shida ya siku moja. Mtu anayeuza ngitili yake kwa mkupuo mara nyingi si mjinga wa hesabu. Hana njia nyingine ya kupata fedha kwa haraka. Kwa hiyo chama cha akiba na mikopo kijijini, au mfuko wa afya, vyaweza kulinda msitu sawasawa na askari wa misitu. Hali kadhalika, kijiji kilichotenga shamba la miti inayokua upesi kwa ajili ya matimba kinaweza kumuuzia mchimbaji bila kugusa miombo yake.

Yaliyobaki kufanywa

Baada ya HASHI kumalizika, ngitili hazikukosa majaribu. Watu wameongezeka, mashamba yamegawanywa kwa warithi, miji inataka mkaa, na bei ya dhahabu inapopanda wachimbaji huingia katika maeneo mapya. Baada ya mwaka 2010 ulifanyika pia mradi wa majaribio wa hewa ya ukaa katika ngitili za Shinyanga, ukiongozwa na shirika la TaTEDO. Wanakijiji walifundishwa kupima unene wa miti ili kukadiria kaboni iliyohifadhiwa ndani yake. Hata kama malipo ya kaboni hayawezi kutegemewa kila mwaka, kipimo chenyewe kina faida, maana kijiji kinachojua kiasi cha miti yake hakidanganywi kwa urahisi na mnunuzi.

Kazi ya kupima si ya wataalamu peke yao. Darasa moja lenye kamba, futi kamba na daftari laweza kuhesabu miti katika kipande cha mita 20 kwa 20, kuandika majina yake ya Kisukuma na ya Kiswahili, na kuwauliza wazazi kila mti hutumika kwa nini. Wanafunzi wengine wapime uzito wa tita moja la kuni kwa mizani ya pamba, wahesabu matita yanayotumika nyumbani kwa juma, na saa zinazotumika kuyatafuta. Baada ya muhula mmoja shule itakuwa na takwimu ambazo halmashauri ya kijiji haina, na ambazo zitafaa kusomwa mbele ya mkutano mkuu siku ambayo ombi la kukata miti au kufungua machimbo litaletwa. Siku hiyo thamani ya dhahabu itajulikana kwa gramu na kwa shilingi. Itafaa thamani ya ngitili nayo iwe imekwisha kuandikwa.